Kuishi Peke Yako Jangwani Ndani ya Gari: Mwongozo Kamili wa Siku 14 za Kwanza

Wengi wanaojaribu maisha haya hawaangushwi na upweke. Wanaishiwa maji kabla ya wakati, betri inazima usiku wa manane, au gari linazama mchangani hata kabla ya kufika. Upweke huja baadaye, ukamkuta mtu keshachoka, ana kiu na hajalala. Hapo ndipo anasema jangwa limemshinda.

Kanuni moja inaongoza yote yatakayofuata: siku zako jangwani zinahesabiwa kwa kile kitakachoisha mapema. Ukiwa na chakula cha mwezi mzima na maji ya siku tisa, huna mwezi, una siku saba, kwa sababu siku mbili ni za kutokea.

Lenga siku 14 kwa mara ya kwanza. Ni muda wa kutosha kufichua udhaifu wa gari lako, tena si mrefu kiasi cha kukuumiza. Sehemu nyingine sheria yenyewe inakulazimisha: ardhi nyingi ya umma inayosimamiwa na BLM, idara ya serikali ya ardhi ya umma huko Marekani, huruhusu kambi ya siku 14 tu ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unahama. Popote uendapo, ulizia kwanza ardhi ni ya nani na inaruhusu nini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha gari

Gari lenyewe liwe na kitanda, jiko na mahali pa kuhifadhi maji. Iwe vani, lori dogo au karavani ya kuvutwa, hesabu ni ileile.

Maji: tangi au madumu ya jumla ya lita 140, madumu mawili ya lita 20 ya akiba yenye vifuniko visivyovuja, mpira safi wa kujazia, dawa ya klorini isiyo na manukato, chupa ya kupulizia.

Umeme: paneli za sola za wati 400, betri ya lithiamu ya Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) na volti 12, kontrola ya sola aina ya MPPT (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), fyuzi, kifaa cha kuonyesha asilimia ya betri.

Njia: kipimo cha upepo wa tairi, kompresa, koleo, mbao mbili za kunasulia gari, jeki pamoja na ubao mpana wa kuikalisha, tairi la akiba lililopimwa upepo, chujio la hewa la akiba.

Usalama: kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti, filimbi, kioo cha kuakisi jua, pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji), sanduku la huduma ya kwanza, kizima moto, king'ora cha gesi ya kupikia na king'ora cha kaboni monoksidi.

Kivuli na baridi: turubai kubwa la rangi nyepesi, kamba, feni ya volti 12, neti madirishani, blanketi nzito. Ndiyo, nzito. Jangwa lililokuchoma mchana linaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri usiku wa msimu wa baridi.

## Hatua ya 1: Lala ndani ya gari saa 48 ukiwa bado nyumbani

Egesha nje, chomoa kila waya unaotoka nyumbani, usiingie ndani hata kwa choo. Andika kila lita unayotumia. Kila alfajiri, jua likiwa bado halijatoka, andika asilimia ya betri.

Sababu ni kwamba makadirio ya kichwani huwa madogo siku zote. Chukua sahani moja. Pampu ya kawaida ya gari la namna hii hutoa lita 7 hadi 11 kwa dakika. Ukiacha bomba wazi nusu dakika huku unasugua, lita nne zimekwenda kwa sahani moja. Sasa ifute kwanza kwa karatasi mpaka mafuta yaishe, ipulizie maji kwa chupa, isugue, ipulizie tena. Haitakula hata robo lita. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utakaa wiki moja au mbili.

Umefaulu ukiwa na tarakimu mbili ulizopima mwenyewe: lita kwa siku na asilimia ya betri inayopotea kwa usiku. Usivuke hatua hii hata kama unaona aibu majirani wanakuchungulia.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya maji

Mtu mmoja, katika msimu usio wa joto kali, apange lita 10 kwa siku: tano za kunywa, moja ya kupika, moja na nusu ya vyombo, mbili na nusu za mwili. Siku 14 ni lita 140. Ongeza lita 40 za akiba.

Akiba hiyo usiiunganishe na tangi. Iwe kwenye madumu mawili tofauti. Bomba likipasuka au pampu ikivuja usiku umelala, tangi lote laweza kumwagika chini ya sakafu na usisikie. Madumu yanabaki.

Usisahau uzito. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo umebeba kilo 180 za maji peke yake. Angalia gari lako linaruhusiwa kubeba kiasi gani, kisha yaweke maji chini na katikati ya ekseli. Maji juu ya paa huyumbisha gari kwenye mteremko.

Kama una shaka na chanzo cha maji, weka matone mawili ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9 kwa kila lita ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30. Maji yenye ukungu yachuje kwanza kwa kitambaa, kisha weka matone manne. Klorini haiondoi chumvi wala sumu za madini, na visima vya jangwani mara nyingi vina chumvi. Usijenge mpango wako juu ya kisima ulichokiona kwenye ramani.

Onyo: tangi likibaki na maji ya zile siku mbili za kutokea, unaanza kufungasha. Usijibishane na nafsi yako juu ya hilo.

## Hatua ya 3: Umeme, na kwa nini kiyoyozi hakimo

Orodhesha kila kifaa, zidisha wati zake kwa saa kinazowaka; jibu ni wati-saa, kwa kifupi Wh. Mfano wa mtu mmoja:

- friji ndogo ya kompresa: Wh 500 kwa siku, zaidi kukiwa na joto kali
- feni ya wati 25 kwa saa 8: Wh 200
- kompyuta ya mapajani ya wati 60 kwa saa 3: Wh 180
- taa, simu, redio na pampu ya maji: Wh 80

Jumla ni Wh 960, chukulia 1,000. Ukipata saa tano za jua la nguvu, paneli za wati 400 zingepaswa kutoa Wh 2,000. Hazitoi. Paneli hupimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4, na juani jangwani seli hufika nyuzi 60 na zaidi. Ongeza vumbi, waya na paneli iliyolala badala ya kuelekea jua. Hesabu asilimia 70 tu, yaani Wh 1,400. Bado zinatosha, na ziada inajaza betri baada ya siku ya mawingu.

Betri ya lithiamu ya Ah 200 ina takriban Wh 2,500, na ukiitumia kwa asilimia 80 unapata siku mbili bila jua. Ukinunua ya asidi kwa sababu ni rahisi, kumbuka inapaswa kutumika nusu tu. Kwa kazi hiyohiyo utahitaji zaidi ya Ah 330, na uzito wake si wa mchezo.

Kiyoyozi cha wati 1,000 kikiwaka saa sita kinakula Wh 6,000, mara sita ya matumizi yako yote. Ndiyo maana wenye uzoefu hawapigani na joto kwa umeme, wanahama. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua kati ya nyuzi 6 na 10. Mlima ni kiyoyozi kisichohitaji betri.

Mambo matatu ya kutokosea:

1. Unganisha betri na kontrola kwanza, paneli baadaye. Kutenganisha, anza na paneli. Kontrola nyingi zinaweza kuharibika zikipokea umeme wa paneli bila betri.
2. Weka fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Waya ukichunika bila fyuzi, moto unaanzia chini ya kitanda chako.
3. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 (lithiamu yenye chuma na fosfati) isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Iweke ndani mnamolala, isikae kwenye sanduku la nje.

Umefaulu betri ikijaa kabla ya saa tisa alasiri, siku tatu mfululizo, bila kuwasha injini.

## Hatua ya 4: Chagua msimu, halafu mahali

Mtu wa mara ya kwanza asiende majira ya joto. Furnace Creek, katika bonde la jangwa la Death Valley huko California, Marekani, ilirekodi nyuzi 56.7 Julai 1913, na hata jangwa la wastani lina miezi ambayo bati la gari huwezi kuligusa. Nenda wakati mchana haupiti nyuzi 28 hivi.

Mahali pazuri pana ardhi ngumu ya changarawe, pameinuka kidogo, na kijiji au kituo cha mafuta hakizidi mwendo wa saa mbili. Najua, ulitaka pasipo na mtu. Upweke wa kilomita 15 kutoka barabarani unatosha. Wa kilomita 150 hauna ladha tofauti, una hatari zaidi tu.

Onyo kubwa kuliko yote hapa: usiegeshe kwenye korongo au mkondo mkavu wa mto, hata kama kuna miti, kivuli na mchanga laini unaovutia. Mvua yaweza kunyesha milimani mbali sana, wewe ukiwa chini ya anga safi, na maji yakakufikia yakiwa ukuta wa tope na magogo. Ukiona vijiti na majani makavu yamenasa kwenye matawi juu ya kimo chako, hapo ndipo maji yaliwahi kufika.

## Hatua ya 5: Mwachie mtu mpango ulioandikwa

Mwachie mtu mmoja unayemwamini karatasi yenye haya: mahali utakapokuwa kwa tarakimu za GPS, njia utakayopita, rangi na namba ya gari, siku ya kurudi, dawa unazotumia, na simu ya waokoaji wa eneo hilo. Kubalianeni saa ya ujumbe wa kila siku. Ukipitisha saa 24 kimya, apige simu bila kusubiri wala kuona haya.

Jaribu kifaa cha satelaiti kabla ya kuondoka na uhakikishe malipo yake hayajaisha. Kinahitaji anga wazi. Ndani ya korongo au chini ya bati kinaweza kukuambia kimetuma kumbe bado kinatafuta.

## Hatua ya 6: Kuingia bila kuzama

Ingia asubuhi. Mchanga wa baridi hushikamana, wa mchana hutawanyika. Lami ikiisha, simama na upunguze upepo wa matairi kwa robo hadi theluthi. Tairi lililolegea hutandaza uzito, linakanyaga badala ya kuchimba. Usishuke chini ya bar 1, maana tairi laweza kuchomoka kwenye ringi, na gari zito libaki juu zaidi ya hapo. Baada ya kupunguza upepo, nenda polepole na usikate kona kwa ghafla.

Pale usipopaelewa, shuka utembee kwa miguu kabla ya kuendesha. Kama kisigino kinazama, na gurudumu litazama.

Gari likikwama, ondoa mguu kwenye mafuta. Hapo ndipo karibu kila mtu hukosea: wanakanyaga zaidi, magurudumu yanachimba, gari linakaa kwa tumbo. Chimba mchanga nyuma ya kila tairi hadi kuwe na mteremko, safisha chini ya gari, punguza upepo zaidi kidogo, weka mbao chini ya matairi yanayosukuma, kisha rudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe. Huko nyuma ardhi ilishakubeba. Mbele huna uhakika.

Mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kuingia, moja la kutoka, moja lisiloguswa.

## Hatua ya 7: Panga kambi kabla ya kupika chai

Geuza pua ya gari ielekee njia ya kutokea. Kioo cha mbele kisitazame magharibi, kwani jua la alasiri ndilo linalogeuza gari kuwa tanuri. Sawazisha gari kwa mawe bapa. Friji za gesi hazipendi mwinamo.

Funga turubai upande wa jua, likiwa na nafasi ya hewa kati yake na gari. Turubai lililogusa bati hupitisha joto moja kwa moja. Lishushe kila unapoenda kulala, kwa maana upepo wa usiku hauna hodi. Dhoruba ya mchanga ikionekana, funga matundu, zima feni na subiri ndani.

King'ora cha gesi ya kupikia kifungwe karibu na sakafu, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Kile cha kaboni monoksidi kiwe karibu na mahali unapolaza kichwa. Usiingize jiko la mkaa ndani hata dakika tano, hata ukitetemeka. Kwa nchi zenye usiku wa baridi, chagua mtungi wa propeni: buteni hukataa kutoka kwenye mtungi joto likikaribia sifuri.

## Hatua ya 8: Ishi kwa saa za jua

Kazi za nguvu zifanyike alfajiri hadi saa tatu. Saa tano hadi saa kumi ni za kivulini: soma, shona, lala. Pika jioni, ili joto la jiko lisikae nawe ndani mchana kutwa.

Kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijakubana. Mkojo wa njano hafifu ni sawa. Ukiwa wa rangi ya chai umechelewa. Lakini usipitishe lita 1.4 kwa saa, maana maji mengi bila chumvi hushusha sodiamu mwilini na hilo nalo huua. Ukitoka jasho sana tumia ORS. Usipokuwa nayo, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kukata juu. Anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo aongee na daktari kabla ya safari.

Hewa ikipita nyuzi 40, feni pekee hukupulizia joto. Lowesha shati au kitambaa cha shingoni, kisha washa feni. Katika hewa kavu, hicho ndicho kiyoyozi chako.

Sasa jambo linalowahusu walio peke yao hasa. Mtu aliyepigwa na joto hadi mwili kufika nyuzi 40 huchanganyikiwa, akaanza kuyumba na kuongea ovyo. Kama kuna mwenzake, mwenzake ataona. Wewe hutajiona. Kwa hiyo fanya uamuzi mapema: kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu au misuli kukaza, simamisha kila kitu, ingia kivulini, jimwagie maji na tuma ujumbe papo hapo, hata ukidhani ni kitu kidogo.

## Hatua ya 9: Choo, takataka na wageni wadogo

Choo kikavu kinachotenganisha mkojo ndicho rahisi zaidi, na taka ngumu unaondoka nazo. Udongo mkavu hauozeshi haraka. Ukilazimika kuchimba, kina kiwe sentimita 15 hadi 20, mbali na mkondo wowote wa maji angalau mita 60.

Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Tochi ya mwanga wa urujuanimno huwafanya nge wang'ae usiku, ni fedha ndogo yenye amani kubwa. Ukiumwa na nyoka usichanje, usinyonye, usifunge kwa kukaza. Tulia, usitikise kiungo hicho, omba msaada. Panya nao hupenda waya za injini, basi fungua boneti mara kwa mara.

## Hatua ya 10: Upweke una ratiba yake

Siku mbili za kwanza ni sikukuu. Baada ya hapo kimya kinaanza kuwa kizito, na wengi hukimbilia kufungasha. Usiamue kuondoka usiku. Lala, kunywa maji, kula, kisha jiulize asubuhi. Kama jibu ni lilelile asubuhi mbili mfululizo, ondoka bila aibu.

Kinachosaidia ni kazi ndogo zenye saa maalumu: kupima maji, kufuta vumbi kwenye paneli, kutembea mzunguko uleule jua likizama, kuandika ukurasa mmoja. Ongea kwa sauti, soma kwa sauti, hakuna atakayekucheka.

Dalili za kuangalia ni kuruka milo, kutonawa, kulala mchana na kukesha usiku, na kuahirisha ujumbe wa saa uliyokubaliana. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi. Na kazi za hatari, kama kupanda paani au kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki, zisifanyike kabla ya kutuma ujumbe wa kuanza, na mwingine wa kumaliza.

Gari likifa kabisa, baki nalo. Lina kivuli, lina maji, na linaonekana kutoka angani kuliko mtu anayetembea. Ishara tatu za chochote, filimbi, moto au mwanga wa kioo, zinajulikana kama wito wa msaada.

## Hatua ya 11: Siku ya kutoka

Toka asubuhi, kwa njia uliyoingilia. Tuma ujumbe kabla ya kuwasha gari. Ukifika kwenye lami, jaza matairi kwa kompresa kabla ya kuongeza mwendo. Tairi lililolegea likikimbia kwa kasi hupata moto na kupasuka.

Kabla ya kuoga, andika mambo manne: lita zilizobaki, asilimia ya chini kabisa ambayo betri ilifikia, kilo za gesi zilizotumika, na kitu gani ulikitamani ukakikosa. Kama maji yalibaki zaidi ya lita 60, safari ijayo ongeza siku tatu. Kama uligusa madumu ya akiba, rudia siku 14 zilezile kwanza, ukiwa umebana matumizi ya vyombo na mwili, kabla ya kufikiria kununua tangi kubwa zaidi.